Mbuzi wa Aliyefukua

Ukiliandika jina la Bibiane Balagizi kwenye mtandao katika jiji hili la Sydney, halikuletei watu wawili. Andika Smith upate maelfu, na mkosaji aliyemo miongoni mwao atajificha nyuma ya jina lake kama mtu aliyejigubika blanketi. Andika Balagizi, na mwanamke mmoja tu atasimama mbele yako: mtunza wazee, mkazi wa Fairfield, mama wa binti mmoja. Kwa muda wa mwaka mmoja na miezi miwili, kila aliyeliandika jina hilo alisoma chini yake kwamba baraza la nyumba lilikuwa limeamuru mwanamke huyo aondolewe katika nyumba aliyopanga, na kwamba siku ya shauri hakujitokeza kujibu.

Kwa maandishi, yote mawili yalikuwa kweli. Kwa maisha yalikuwa uongo. Ninaandika hapa jinsi mwanamke huyo alivyolipiza kisasi, na sioni haya kusema kwamba nilifurahi.

Bibiane alizaliwa Uvira, akakulia katika kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, ambako alijifunza kushona, kuongoza kwaya na kusubiri. Alifika Fairfield mwaka 2013 akimshika mkono Ornella, binti yake, aliyekuwa na miaka kumi. Alipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, kuwaogesha, kuwalisha na kuwageuza vitandani. Wazee wale walishindwa kulitamka jina lake lote, wakamwita Bibi. Hakuwasahihisha. Kuitwa bibi na mtu wa miaka tisini kulimchekesha, na kazi ile haikuwa na vichekesho vingi.

Machi 2020, siku chache kabla ya mipaka ya nchi kufungwa, ilishuka uwanja wa ndege familia moja ya watu wanne kutoka kambi ile ile. Ofisi zilizopaswa kuwapokea zilikuwa zikifunga milango kwa hofu ya korona. Bibiane akawachukua. Mkataba wake wa kupanga ulisema watu wawili. Sasa nyumba ilikuwa na watu sita. Waliishi hivyo kwa wiki tisa, hadi wageni walipopata nyumba yao mji mwingine, wakaondoka wakiimba.

Katika wiki ya nane alikuja Darren, wakala aliyeisimamia nyumba ile kwa niaba ya mwenyewe. Hakuingia ndani, kwa kuwa masharti ya korona yalimkataza. Alisimama hatua mbili kutoka mlangoni na kutazama chini. Watu wetu huvua viatu mlangoni. Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Darren akavihesabu viatu, akavipiga picha, akaondoka bila kuuliza wageni ni nani na wataondoka lini. Wiki mbili baadaye, wakati wageni walikuwa wameshahama, barua ilifika: shauri limefunguliwa katika baraza la nyumba, mpangaji aondolewe kwa kuvunja mkataba. Kielelezo namba moja kilikuwa viatu vya watoto.

Hapa sina budi kueleza desturi moja, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yanaegemea juu yake.

Katika ukoo wa Bibiane, na baadaye katika mtaa wao kambini ambako koo nyingine ziliiga, ugomvi ulikuwa na kaburi. Wazee walisikiliza pande zote, mmoja akaandika kila neno, wote wakatia sahihi. Karatasi ile ikatiwa ndani ya bahasha, bahasha ikagandishwa kwa gundi, na mashahidi wakaandika majina yao juu ya mfuniko wake, ili yeyote atakayeifungua ayapasue majina yao. Tangu hapo maneno yale yamekufa. Hayasemwi sokoni, hayasemwi kanisani, hayasemwi hata kitandani. Atakayeyafukua hulipa mbuzi. Mbuzi hupikwa, watu wote hula, na mfukuaji huketi kitini mbele yao na sahani tupu mapajani, akitazama, mpaka mifupa ikusanywe. Ndipo husamehewa.

Kwa hiyo, barua ya baraza ilipofika, Bibiane hakutafuta mwanasheria. Alimtafuta Papa Katembo, mzee wa kanisa, mwandishi wa bahasha. Wakaenda pamoja kwa mwenye nyumba, Mzee Yonan, Mwashuri aliyeikimbia Iraki zamani. Aliwapokea katika gereji yake, viti vikiwa mbalimbali, chai ikiwa kali kama dawa. Papa Katembo akaeleza habari ya familia iliyokwama. Mzee Yonan akasikiliza, kisha akacheka kwa uchungu.

"Mimi Amman, nilipokuwa mkimbizi, niliishi chumba kimoja na watu kumi na mmoja," alisema. "Darren aliniambia umefungua hoteli."

Akachukua simu, akampigia Darren hapo hapo, sauti ikisikika kwa wote. Akamwambia afute shauri, kwani amepatana na mpangaji wake. Darren akajibu kwamba ni sawa, atalifuta. Papa Katembo akaandika hayo kama anavyoandika kila kitu, pamoja na saa na dakika. Wakatia sahihi, Mzee Yonan kwa herufi za kwao, wakafunga bahasha.

Darren hakulifuta.

Siku ya shauri, mwezi Julai, baraza lilipiga simu, kwa maana mashauri yote wakati huo yalisikilizwa kwa simu. Bibiane alikuwa jikoni. Aliitazama simu ikitetema juu ya meza karibu na bakuli la unga, namba yake imefichwa, na alijua vizuri ni nani anayepiga.

"Mama, pokea!" Ornella alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Ni watu wa serikali!"

"Hayo yamezikwa. Nikipokea, nimeyafukua."

"Serikali haijui makaburi yenu ya kambini!"

"Mzee Yonan anayajua. Yeye ndiye mwenye nyumba."

Simu ikaita mara tatu, ikanyamaza. Mahali fulani jijini, mtu asiyewahi kumwona Bibiane akaandika kwamba mpangaji hakujitokeza, akatoa amri ya kumwondoa kwa kutumia picha ya viatu. Mzee Yonan hakuitumia amri ile, na sidhani kama aliwahi kujua kwamba ipo. Bibiane akaendelea kuishi mle, akapanda sombe, kisamvu cha kwao, nyuma ya nyumba, akaamini kwamba kaburi limefungwa.

Niseme ninaloamini. Mwanamke huyu hakukosa kwa ujinga. Alikosa kwa kutii sheria iliyo bora kuliko ile iliyomhukumu. Sheria yake inajua kwamba ugomvi uliokwisha ukiachwa wazi hugeuka silaha mkononi mwa mtu wa tatu. Sheria ya hapa huyapigilia majina ya wapangaji ukutani, mshindi na mshindwa, mwenye kosa na asiye nalo, kisha huuita ukuta huo uwazi. Uwazi kwa nani? Mpangaji hana ukuta wa kusomea majina ya wenye nyumba wanaoacha paa livuje.

Februari 2021 Mzee Yonan alifariki. Watoto wake wakaiuza nyumba, na wanunuzi walitaka kuhamia wenyewe. Bibiane akapewa notisi, na jiji lilipofungwa tena majira ya baridi akaongezewa muda hadi mwisho wa Oktoba. Baada ya hapo, yeye na Ornella hawangekuwa na pa kulala.

Akaanza kuomba nyumba. Alikuwa na kazi, barua ya msimamizi wake, na miaka minane bila doa. Akaomba Fairfield, akakataliwa. Akaomba Seven Hills, akakataliwa mara mbili na wakala mmoja. Mwishoni mwa Agosti alikuwa amekataliwa mara ishirini na mbili, na hakuna aliyempa sababu. Alianza kudhani kwamba ni rangi yake, kisha kwamba ni dhambi fulani aliyoisahau. Akafunga na kuomba kwa siku tatu huku akigeuza wazee vitandani.

Aliyepata jibu alikuwa Kawira, muuguzi Mkenya aliyeimba naye kwaya kabla makanisa hayajafungwa. Siku moja ya mapumziko, akiwa nyumbani kwake mtaa wa Kensington, alijaribu kuliandika jina la rafiki yake kwenye mtandao, kama wafanyavyo mawakala. Kisha akampigia.

"Mama Ornella, aki, keti kwanza."

"Nimeketi."

"Hujaketi. Nasikia hatua zako."

Bibiane akaketi. Kawira akamsomea jina lake, anwani yake na amri. Akamsomea hata sentensi iliyoeleza viatu, vingapi vya wakubwa na vingapi vya watoto.

"Rudia," Bibiane alisema.

"Nirudie ya nini? Inauma, mara moja tu inatosha."

"Rudia, Kawira. Nataka niihifadhi kichwani."

Baadaye alimpigia Darren. Alijitaja, akamwuliza kwa nini hakulifuta shauri. Darren alihitaji muda kumkumbuka. Alipomkumbuka alisema kwamba hayo ni mambo ya kawaida ya kazi, kwamba rekodi ni ya umma na si yake, na kwamba aliyetaka jina safi angepokea simu.

Bibiane alikata simu kwa upole. Ornella aliniambia kwamba mama yake aliketi muda mrefu akichambua sombe, akichana kila jani vipande vidogo kuliko inavyotakiwa. Hatimaye alisema, "Huyu mtu nitamkalisha kwenye kiti."

Siku za kwanza kisasi chake kilikuwa cha kitoto. Alitaka kuchapisha picha ya Darren mwenye tai, iliyokuwa kwenye mabango ya nyumba zinazopangishwa, na kuibandika ukutani pa stesheni ya Fairfield, chini yake ameandika MWONGO. Alitaka kupeleka viatu vya zamani mlangoni pa ofisi yake kila asubuhi, viatu vinane, tisa, kumi, avihesabu mwenyewe. Ornella aliyekuwa akimwonya kuhusu polisi alikiri kwamba wazo la viatu lilimfurahisha.

Lakini mtu aliyekaa kambini miaka kumi na minane hujua kuchagua silaha. Silaha ilikuwepo tayari, imefungwa kwa gundi, kabatini kwa Papa Katembo.

Wakati huo watu wa Fairfield walibanwa kuliko wengine. Mtu aliruhusiwa kutoka kwa sababu chache, na mojawapo ilikuwa kutembea kwa afya. Basi wakatembea kwa afya, Bibiane na Papa Katembo, wakiizunguka bustani moja mara nne, barakoa usoni, hatua mbili kati yao. Mzee alikuwa na bahasha ndani ya koti. Alikuwa ameileta ili akatae kuitoa, ndivyo alivyo.

"Mama Ornella, unataka haki au unataka damu?"

"Vyote viwili, Papa. Nitaanza na kile kitakachopatikana kabla ya Oktoba kwisha."

"Bahasha haifunguliwi kwa hasira."

"Basi nisubiri nicheke?"

"Nisikilize. Mzee Yonan ameandika jina lake hapa juu. Amekufa. Ukifungua, unalipasua jina la maiti."

"Jina langu limepasuliwa nikiwa hai, Papa Katembo. Linapasuliwa kila Jumatatu, kila wakala anapofungua kompyuta yake. Nani alimtoza yule mtu mbuzi?"

Mzee akatembea nusu ya mzunguko akipapasa bahasha ndani ya koti. Alikuwa mpatanishi kwa miaka arobaini, na sidhani kama aliwahi kukutana na kaburi lililofukuliwa na mtu asiyejua kwamba ni kaburi. Au aliyejua na asijali.

"Ukiifungua," alisema mwishoni, "wewe pia umefukua. Sitakuficha. Mbuzi atakuwa wako."

"Nitamnunua."

"Na hutakula."

"Nimeshinda njaa kwa sababu ndogo kuliko hiyo."

Papa Katembo akacheka ndani ya barakoa, akakohoa, akatoa bahasha. Hakumpa. Aliweka sharti moja: itafunguliwa mbele ya mwamuzi, si kabla, ili mlio wa kupasuka usikike na aliyeusababisha. Nampenda mzee yule kwa sharti hilo.

Shauri jipya lilisikilizwa mwishoni mwa Septemba, kwa simu. Muda wa kupinga amri ulikuwa umekwisha zamani, kwa hiyo Bibiane aliomba mambo mawili kwa hisani ya pekee: amri ifutwe, na jina lake liondolewe katika kila kinachosomwa na watu. Mwamuzi alikuwa mwanamke mwenye sauti ya uchovu. Alikuwepo mkalimani wa Kiswahili, Papa Katembo akiwa shahidi, na Darren.

Mwamuzi alimwuliza Darren kama mwenye nyumba aliwahi kumwagiza afute shauri.

"Sikumbuki maagizo ya aina hiyo," Darren alijibu. "Nasimamia nyumba zaidi ya mia."

"Bwana Katembo, una maandishi?"

"Ninayo, mheshimiwa. Yamefungwa. Naomba ruhusa nifungue."

Ruhusa ikatolewa. Bibiane alikuwa ameketi jikoni mwake, simu mezani, Ornella begani pake. Wote wawili waliusikia: mlio wa karatasi iliyogandamana ikipasuka polepole, majina yakipasuka nayo. Papa Katembo akasoma tarehe, akasoma gereji, akasoma chai. Alipofika mahali penyewe akaongeza sauti.

"Saa kumi na dakika tano alasiri, Mzee Yonan amempigia Bwana Darren, sote tukisikia. Amemwambia afute. Bwana Darren ameuliza kama mwanamke ataendelea kukaa. Mzee amejibu ndiyo. Bwana Darren amesema sawa, atafuta."

Mkalimani akatafsiri neno kwa neno. Kisha Darren, kwa hasira ya mtu anayesikia habari zake zikisomwa na mtu ambaye yeye humdharau, akafanya kosa.

"Yule mzee alinipigia, ndiyo, lakini hakuwa na msimamo! Leo hivi, kesho vile. Ningemsikiliza nisingefanya kazi."

"Muda mfupi uliopita," mwamuzi alisema, na uchovu ulikuwa umetoka kabisa katika sauti yake, "ulisema hukumbuki."

Uamuzi uliandikwa na kutolewa wiki iliyofuata. Amri ya zamani ilifutwa na kuondolewa mtandaoni. Katika uamuzi mpya Bibiane aliitwa kwa herufi mbili ambazo hazimo katika jina lake, anwani haikutajwa, wala viatu. Lakini wakala alitajwa, jina lake lote, pamoja na aya tatu zilizoeleza kwamba alijua pande zimepatana, akanyamaza, akaliacha baraza litoe amri juu ya shauri lililokufa. Aya hizo ziko wazi kwa umma. Si zake, kama alivyosema mwenyewe.

Kawira aliliandika jina la Darren siku ile ile.

"Mama Ornella! Uamuzi ndio wa kwanza kabisa! Kabla hata ya picha yake na ile tai!"

"Soma."

"Zote tatu?"

"Zote tatu, dada yangu. Polepole. Halafu rudia ya kati."

Bibiane aliuchapisha uamuzi ule nakala ishirini na mbili, moja kwa kila alipokataliwa, na kuzituma kwa mawakala waliomkataa, bila barua, ndani ya bahasha isiyogandishwa. Ya ishirini na tatu aliituma ofisini kwa Darren. Siku nne kabla ya Oktoba kwisha alikabidhiwa funguo za nyumba karibu na stesheni ya Seven Hills, na wakala yule yule aliyemkataa mara mbili, ambaye safari hii hakumtazama machoni.

Watu huniambia kwamba basi mfumo unafanya kazi. Haufanyi. Bibiane alipata herufi zake mbili kwa sababu alikuwa na mzee mwenye kalamu, bahasha na kumbukumbu ya dakika. Wako wangapi wasio na Papa Katembo, ambao majina yao yamepigiliwa ukutani hadi leo, nao wanafunga na kuomba ili waijue dhambi yao? Shauri la mpangaji lizaliwe limefungwa, na atakayetaka kulifungua ndiye aeleze sababu na kulipa mbuzi. Sitanyamaza juu ya hilo.

Novemba, watu waliporuhusiwa tena kukutana, mbuzi alichinjwa, akagawanywa na kuletwa kutoka bucha moja ya Fairfield. Nyama ilipikwa nyuma ya nyumba mpya, nusu mchuzi na nusu ya kuchoma, pamoja na ugali na sombe iliyohamishwa na mizizi yake. Darren alikuwa amealikwa kwa barua, kwa Kiingereza kizuri cha Ornella, iliyoeleza desturi yote na saa ya kufika. Hakujibu. Hata hivyo kiti chake kiliwekwa, kiti cheupe cha plastiki, na juu yake sahani safi.

Kukikabili kiti kile aliketi Bibiane, kwa maana naye alikuwa amefukua, na Papa Katembo hakuwa mtu wa kusahau. Sahani yake tupu ilikuwa mapajani. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka.

"Darren, karibu supu!" Kawira aliita, akipitisha bakuli mbele ya kiti, na watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. "Eh? Umeshiba? Umekula nini, viatu?"

Bibiane hakucheka. Alikuwa akikitazama kile kiti kama mtu anayetazama chungu kichemke.

"Una njaa, Mama Ornella?" Papa Katembo alimwuliza, mdomo ukiwa umejaa.

"Sana, Papa."

"Vumilia. Inakaribia kwisha."

Mifupa ilipokusanywa, mzee aliinuka, akafuta mikono, akatamka kwamba aliyefukua amelipa, na kwamba maneno yamerudi ardhini. Ornella akaja kuchukua sahani ya mama yake. Akamnong'oneza, kwa Kiswahili siku hiyo, kwamba amemfichia paja zima jikoni, na sasa anaruhusiwa. Kisha akanyoosha mkono aichukue na ile iliyokuwa juu ya kiti cheupe.

"Hiyo iache," Bibiane alisema, akisimama. "Yeye bado hajaanza kukaa."